Windows 10 imefika mwisho: Lubumbashi, tuangalie piloti kabla ya kutupa mashine

LUBUMBASHI – Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft haitoi tena marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Habari hiyo inagusa moja kwa moja wenye nyumba za kuandika na kupiga fotokopi, kuanzia pembeni ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) hadi komini ya Kenya, kwani wengi wao wanafanya kazi na kompyuta za okazi.

Windows 11 inadai chipu ya usalama TPM 2.0 na prosesa ya karibuni. Kwa Intel, ni kizazi cha 8, kilichotoka mwaka 2017, au kinachofuata. Mashine nyingi za okazi hazifikii hapo, hata kama bado ni nzima.

Je, zitupwe? Jibu liko kwenye piloti, yaani programu ndogo inayowezesha mfumo kuongea na printa, skana au Wi-Fi. Piloti nyingine zimo tayari ndani ya mfumo. Nyingine zinapakiwa wakati kifaa kinapochomekwa.

Katika Windows, piloti nyingi zinaandikwa na mtengenezaji wa kifaa, na msimbo wake ni siri. Akiacha kuitengeneza, ni vigumu mwingine aendelee. Katika Linux, ambayo ni ya bure, piloti nyingi zinakuja pamoja na kiini cha mfumo, na msimbo uko wazi. Ndiyo sababu kifaa cha zamani kinaweza kuendelea kutumika hata mtengenezaji akikisahau.

Lakini si dawa ya kila ugonjwa. Kuna printa na Wi-Fi ambazo Linux haizitambui vizuri, na programu nyingi za hesabu zimeandikwa kwa Windows tu.

Kwa hiyo, fundi ajaribu kwanza: aweke Linux kwenye kle USB, awashe mashine kutoka humo bila kufuta kitu, kisha apime printa, sauti na Wi-Fi. Anayebaki na Windows 10 ajiandikishe kwa nyongeza ya usalama ya Microsoft, inayofikia Oktoba 2026 kwa watu binafsi. Na wote wajihadhari na piloti za kunakili ovyo kutoka kle hadi kle: virusi vinaweza kuingia kwa njia hiyo.

Kompyuta ni mtaji wa familia. Kuitupa kabla ya kuijaribu ni hasara.