Wenye nyumba za wageni Bungoma wamtangazie nani?

Kando ya barabara kuu itokayo Webuye kuelekea Kitale, msafiri hakosi kuziona: nyumba za mawe zenye paa la vigae, ua uliopandwa maua, na lango lililofungwa kwa kufuli. Aghalabu mwenyewe yuko Nairobi au Nakuru, na nyumba aliyoijenga kwa jasho la miaka mingi hufunguliwa siku chache tu za Krismasi, au msiba unapotokea. Si ajabu basi kwamba baadhi ya wenye nyumba za namna hii, hata katika sehemu kama Misikhu, wamepata wazo la kuzikodisha kwa wageni wa siku mbili tatu na kuzitangaza kwa njia ya intaneti, kupitia kampuni kama Airbnb iliyoanzishwa San Francisco, Marekani, mwaka 2008.

Wazo lenyewe halina ubaya. Nyumba isiyokaliwa huliwa na mchwa, na kijana anayelipwa kuifagia na kuilinda hupata chake. Linalotutatiza ni tangazo. Ayasomaye matangazo ya aina hii hakawii kugundua kwamba mengi yameandikwa kana kwamba mgeni anayetazamiwa ni Mzungu aliyekimbia baridi ya kwao. Utaambiwa habari za pepo ya dunia, za machweo ya jua na za utulivu usio na kifani, yote kwa Kiingereza cha vijitabu vya watalii. Mtindo huo umeazimwa kutoka Diani na Malindi, ambako bahari hujitangaza yenyewe. Misikhu haina bahari.

Hebu tujiulize: ni nani hasa anayetafuta mahali pa kulala Misikhu? Ni mzazi aliyesafiri usiku kucha kumtembelea bintiye katika shule ya wasichana ya Lugulu, au mwanawe huko Kamusinga. Ni jamaa za marehemu waliofika kutoka Mombasa kwa maziko, wakakuta nyumba ya wafiwa imejaa. Ni wakwe waliokuja kwa shughuli ya mahari. Na zaidi ya hao wote, ni umati unaorudi nyumbani mwezi wa Agosti katika kila mwaka wa shufwa, Wabukusu wanapowatahiri vijana wao. Serikali ilipoamua kwamba sherehe za Madaraka za tarehe 1 Juni 2024 zifanyike mjini Bungoma, waliohitaji malazi siku zile walikuwa Wakenya, si watalii wa ng'ambo.

Mgeni wa namna hii haulizi habari za machweo. Anauliza kama gari dogo litafika mlangoni mvua ikinyesha, maana njia nyingi zinazoachana na lami huwa tope tupu kuanzia Aprili. Anauliza tangi la maji ni kubwa kiasi gani, umeme ukipotea kuna taa gani, na kama watu wanane wanaweza kulala bila mtoto kutandikiwa jikoni. Anataka kujua kama ataruhusiwa kuchinja mbuzi uani na kuwapikia wageni wake. Mwenye nyumba akiyajibu hayo katika mistari mitano, atakuwa amempa mgeni sababu ya kuichagua nyumba yake.

Kuna pia uongo wa umbali, ambao ndio uliozagaa zaidi. Tuseme mtu anaandika kwamba nyumba yake ya Misikhu iko "chini ya Mlima Elgon", hatua chache kutoka kwenye pango la Kitum ambamo ndovu huingia kulamba chumvi. Mlima unaonekana, ni kweli. Lakini lango la Chorlim la mbuga hiyo liko mbele ya Kitale, ukipitia Endebess. Mgeni aliyetarajia kwenda kwa miguu atajikuta ametumia nusu ya siku garini. Kwa nini usimwambie habari za maporomoko ya Nabuyole katika Mto Nzoia, yaliyo karibu na Webuye? Au mlima wa Chetambe, ambapo Wabukusu walipambana na majeshi ya Waingereza mwaka 1895? Na hapo pia pana haja ya adabu. Chetambe ni mahali walipouawa watu wengi, na kuutaja kama mandhari ya kunywea chai ni kuwakosea heshima wenyeji.

Wapo watakaosema kwamba kutia chumvi ndiyo kazi ya tangazo. Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaliagiza Bunge litunge sheria ya kuwalinda wanunuzi na kuhakikisha kwamba matangazo ni ya haki, ya kweli na ya heshima. Mnamo Januari 2024, wanawake wawili walipouawa Nairobi katika nyumba za kukodi za muda mfupi, serikali iliwakumbusha wenye nyumba hizo kwamba yawapasa kujisajili na kupata leseni. Tangu hapo wageni wengi wamekuwa waangalifu: wanataka kumjua mwenye nyumba na kumjua anayeshika ufunguo. Wengine wameshawahi kutuma arubuni kwa M-Pesa, kisha wakafika na kukuta kwamba nyumba iliyo pichani haipo. Katika hali hii, tangazo lililojaa sifa tupu humtia mgeni shaka badala ya hamu.

Walimu wa Kiswahili hufundisha tangazo kama mojawapo ya tungo amilifu, na mara nyingi mwanafunzi huombwa atangaze mkutano au nafasi ya kazi. Kidato kizima kingeweza kupewa nyumba moja ya Misikhu kuitangazia mzazi wa Mombasa asiyewahi kufika huko: ashukie wapi, bodaboda ni shilingi ngapi, malazi ni bei gani kwa usiku, na je, bei hiyo itabaki ile ile ifikapo Agosti ya tohara?