Anayegoma Kula Si Mkaidi

Chura aliyetolewa kwenye kinamasi na kuwekwa ndani ya chombo cha kufugia aghalabu hali chakula siku za mwanzo. Huwekewa panzi, huwekewa kumbikumbi, naye hujikunyata pembeni kana kwamba hakuoni alichowekewa. Mfugaji huingiwa na hofu. Humshika, humgeuza, na mwishowe hujaribu kumfungua kinywa. Hapo ndipo madhara huanza. Ngozi ya chura humsaidia kupumua, na ndiyo njia yake ya kunywea maji. Mkono mkavu wenye chumvi au mabaki ya sabuni humdhuru. Kinywa chake ni laini na huumia upesi. Isitoshe, vyura wengi hukitambua chakula kwa mwendo wake, hivyo mdudu aliyekufa huwa si chakula machoni pao.

Wajuzi wa viumbe hawa hufuata utaratibu mwingine. Kwanza huondoa kinachomsumbua: humpa mahali pa kujificha, maji yasiyo na klorini, joto lisilobadilika ghafla, na utulivu. Kisha humwekea wadudu hai wadogo, wakaondoka. Humtazama bila kumgusa: je, amekonda, ngozi ina vidonda, tumbo limevimba? Dalili hizo zikijitokeza, hupelekwa kwa daktari wa mifugo. Na kwa kuwa vyura huweza kubeba bakteria wa salmonela, kila aliyegusa chombo chake hunawa mikono kwa sabuni baadaye, na watoto walio chini ya miaka 5 hawaruhusiwi kumshika.

Tanzania ina ushahidi wake katika jambo hili. Chura mdogo wa Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996 katika korongo la milima ya Udzungwa, aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya maji pekee. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2000 ili kizazi chao kisipotee. Hakuna aliyewanyima chakula huko, lakini miaka ya mwanzo walikufa kwa wingi mno, wakabaki wachache. Walezi wao walilazimika kujifunza upya mambo yote yanayokizunguka chakula: manyunyu, mwanga, usafi wa maji, vimelea na aina ya wadudu. Walipoyarekebisha, vyura walizaana. Mwaka 2010 kundi la kwanza lilirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 vyura wakaanza kurudishwa korongoni kwao. Mwaka 2009 walikuwa wametangazwa kuwa wametoweka porini.

Funzo hili linahusu pia wodi za watoto na majiko ya nyumbani katika miinuko ya Kasulu na Kibondo. Kukataa kula ni dalili, na dalili huulizwa chanzo chake. Hata hivyo, mtoto anayegeuza uso mbele ya kijiko bado huitwa mkaidi au mwenye deko. Hulazwa mapajani, hubanwa pua, na uji humiminwa kinywani. Mtoto wa namna hiyo huweza kupaliwa, uji ukaingia mapafuni na kuleta nimonia. Asipopaliwa, hujifunza kuwa kijiko ni adui, na mlo wa pili huwa mgumu kuliko wa kwanza.

Kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali, kupoteza hamu ya kula ni miongoni mwa alama nzito kuliko zote. Ndiyo sababu mtoto ambaye mzingo wa mkono wake uko chini ya sentimita 11.5 hupewa chakula dawa mbele ya mhudumu ili hamu yake ipimwe. Anayekila vizuri, asiye na uvimbe mkubwa wala ugonjwa mwingine mzito, hutibiwa akiwa nyumbani. Anayekikataa hulazwa, kwa kuwa kukataa kwake huashiria maambukizi au mwili uliochoka kiasi cha kushindwa kukipokea chakula. Wodini hukaguliwa sukari yake ya damu, hufunikwa apate joto, hutibiwa maambukizi, kisha huanzishiwa maziwa ya F-75 kidogo kidogo kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana. Hamu ikirejea ndipo chakula huongezwa. Kuharakisha hatua hizo huweza kuua.

Utaratibu huo una sehemu nyingine ambayo husahaulika upesi: mtoto hupaswa kuchezewa, kuongeleshwa na kupewa upendo. Shirika la Afya Duniani limeiweka miongoni mwa hatua 10 za tiba ya utapiamlo mkali, sawa na dawa na maziwa. Uzito wake hudhihirika Kasulu na Kibondo kuliko mahali pengi. Kambi ya Nyarugusu imepokea familia kutoka Kongo tangu mwaka 1996, na kuanzia mwaka 2015 Nyarugusu na Nduta zilipokea maelfu kwa maelfu waliotoka Burundi. Mtoto aliyelala porini, akavuka mpaka usiku, akaamkia hemani miongoni mwa nyuso ngeni, ana sababu ya kukosa hamu hata kabla joto la mwili halijapimwa. Muuguzi anayezungumza Kiha huelewana na mama anayezungumza Kirundi, kwa kuwa lugha hizo ni jirani. Salamu chache kwa lugha ya nyumbani, mama kuruhusiwa kumpakata mwanawe na kumlisha mwenyewe, na kikombe badala ya mkono wa nguvu, ni mambo yasiyodai bajeti.

Wapo watakaosema kuwa mtoto si chura, na watakuwa wamesema kweli. Chura mzima mwenye afya huweza kukaa siku kadhaa bila kula asidhurike, ilhali mtoto aliyedhoofu huweza kushuka sukari na kupoteza fahamu ndani ya saa chache. Kwa hiyo kungoja si tiba ya mtoto. Anayeshindwa kumaliza kiasi alichoandikiwa huwekewa mrija wa puani bila kuchelewa. Mrija huo ni msaada, wala si adhabu. Mama huelezwa hivyo kabla haujawekwa, na kila mlo mtoto hupewa kwanza nafasi ya kunywa mwenyewe. Wapo pia watakaotaja uchache wa wauguzi. Hoja hiyo nayo ina uzito, lakini kumlazimisha mtoto hakuokoi muda: mlo uliotapikwa hurudiwa, na nimonia ya kupaliwa huongeza siku za kulazwa.

Kinachotakiwa, basi, ni kubadili swali la kwanza. Badala ya mama kuulizwa kwa nini hamlishi mwanawe, na aulizwe mtoto alianza lini kukataa, ana homa au vidonda vya kinywa, nani humlisha, na nini kimebadilika nyumbani. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii huweza kuyauliza hayo mlangoni pa nyumba, kijijini au kambini. Naye mzazi ambaye mwanawe amekataa chakula, amelegea, anatapika kila kitu au amevimba miguu, asishindane naye kwa kijiko. Amfunike, amnyonyeshe ikiwa bado ananyonya, na amfikishe kituo cha afya siku hiyo hiyo.