Muulizeni Ameona Nini

"Umeua?"

Kila Novemba, nikipanda ngazi za jengo letu hapa Lewiston, jimbo la Maine, ndilo neno la kwanza linalonipokea. Watoto wa ghorofa ya chini huniuliza kabla sijavua buti. Mama jirani, Mungu amweke, anakuwa ameshateremsha sufuria kubwa, ile ya sherehe. Nami nasimama pale na kizibao changu cha rangi ya chungwa, mikono mitupu, baridi imeniingia mifupani, natafuta la kusema.

Nawaandikia kwa sababu ya neno hilo moja. Nawaandikia ndugu zangu mnaotaka kuanza kuwinda mwaka huu, na zaidi nawaandikia ninyi mnaobaki nyumbani mkisubiri. Risasi mbaya kuliko zote nilizowahi kupiga ilianzia kwenye ngazi hizi.

Mnyama mwenyewe kwanza. Wengine wetu humwita swala, wengine kulungu, na wote wawili ni wanyama wengine kabisa. Wazee wa kanisa humwita ayala, kama alivyo kwenye Zaburi ya 42, na hilo ndilo jina lake halisi katika Kiswahili, kwa hiyo nami nitamwita hivyo. Ayala wa huku ana mkia mweupe chini. Akishtuka huuinua kama mtu anayepunga leso, na mara nyingi leso hiyo ndiyo kitu pekee unachobahatika kukiona. Mwaka 1900 Marekani nzima walikuwa wamebaki chini ya nusu milioni, kwa sababu waliwindwa bila kikomo na nyama yao kuuzwa masokoni. Leo wanakadiriwa kupita milioni 25. Hawakuongezeka wenyewe. Zilitungwa sheria, misimu ikawekwa, biashara ya nyama yao ikakatazwa, na watu wakakubali kuacha. Sisi tuliozoea kuona nyama ya pori ikiuzwa kando ya barabara tulijue hili mapema: hapa Maine nyama ya ayala unaweza kula, unaweza kumgawia jirani, lakini kuiuza ni kosa.

Sasa niwaambie habari ya risasi ile.

Ulikuwa msimu wangu wa pili. Wa kwanza sikupata kitu, na utani ulikuwa umeanza kunichoma. Baba mmoja kanisani aliniambia niirudishe bunduki dukani nikanunue ndoano. Alitania tu, wala sina kinyongo naye. Lakini asubuhi ile nilipokaa kwenye ulingo juu ya mti, sikukaa peke yangu. Nilikuwa naye yeye, na watoto wa ngazini, na mama na sufuria yake, wote wamenilalia begani.

Mnamo saa mbili asubuhi dume akatoka kwenye misonobari, mita kama 80 kutoka nilipo. Kwenye kozi ya usalama wa uwindaji tulikuwa tumefundishwa vizuri: subiri akupe ubavu, lenga nyuma kidogo ya bega, hapo ndipo penye moyo na mapafu. Sehemu yenyewe haizidi sahani ya wali. Ukipiga hapo, mnyama hufa upesi. Huyu hakunipa ubavu. Alisimama amenielekea, kisha akageuka nusu akaonyesha tumbo na kiuno. Ningevumilia dakika moja, huenda angejinyoosha. Au angekwenda zake. Nikamsikia yule baba akicheka, nikafyatua.

Alijikunja mgongo, akaondoka. Aliyepigwa tumboni hujikunja hivyo, na tulikuwa tumeambiwa. Niliteremka nikaenda pale aliposimama. Damu ya mapafu huwa nyekundu ya kung'aa, ina povu. Niliyoikuta mimi ilikuwa matone machache ya kahawia juu ya majani makavu, yananuka uchachu wa matumbo. Hapo nilipaswa kurudi nyuma kimya kimya, kumwachia muda wa saa nane au zaidi alale afie mahali pamoja, au kumpigia simu mmoja wa watu wenye leseni ya kufuatilia mnyama aliyejeruhiwa kwa mbwa wa kamba. Sheria ya hapa inawaruhusu, na wengi wao huitikia upesi. Mimi nilimfuata papo hapo. Nikamwinua mara ya kwanza, nikamwinua mara ya pili, na kila mara alikwenda mbali zaidi, damu ikizidi kuadimika. Giza likaniingilia.

Kesho yake nilimkuta kando ya kijito. Koyote walikuwa wameshafika. Alikuwa amelala na kichwa karibu na maji, kwa maana mwenye jeraha la tumbo hushikwa na kiu kali. Sikupata hata kilo moja ya nyama. Nilikaa pale juu ya jiwe muda mrefu, na kilichoniumiza zaidi ni kwamba nilijua tangu kabla ya kufyatua. Nilijua, na nikapiga.

Babu yangu kule kwetu Fizi aliwinda kwa wavu na mbwa, na alikuwa na neno moja kwa vijana: ukimjeruhi mnyama, deni ni lako. Wakati ule nilidhani anazungumzia nyama kupotea. Sasa naelewa.

Tangu siku ile, kabla ya kidole kugusa kifyatulio, najiuliza kama ningepiga hivi kama hakuna mtu nyumbani anayenisubiri. Nikisita, naacha. Rafiki yangu Mwislamu tunayewinda pamoja ana kipimo chake, nami nakipenda kuliko changu. Hutaja jina la Mwenyezi Mungu kabla ya kupiga, ndiyo nyama yake iwe halali, na hulitaja taratibu, kwa utulivu. Siku ambayo ayala hampi nafasi ya kusema Bismillahi vizuri, anasema, hajampa nafasi ya kumpiga.

Lakini jeraha la mnyama si baya kuliko yote. Novemba 1988, hapa hapa Maine, mama kijana aliyekuwa na watoto mapacha wachanga alitoka nyuma ya nyumba yake. Alivaa glavu nyeupe. Mwindaji mwenye uzoefu wa miaka mingi akaona weupe ukicheza kati ya miti, akadhani ni mkia. Mama yule hakurudi ndani. Miaka michache baadaye jimbo likatunga sheria kali, na kila anayepita kwenye kozi hukutana nayo: hairuhusiwi kupiga kwa kuamini sauti, wala rangi, wala kitu kilichotikisika. Lazima umwone mnyama mwenyewe, kichwa na kiwiliwili, umtambue pasipo shaka. Nawasihi, somo hilo msilipite juu juu ili mfaulu mtihani tu. Kaeni nalo. Yule mtu hakuwa mwovu. Alikuwa na hamu ya kuona ayala, na macho yenye hamu huona kinachotafutwa.

Na baada ya kumtambua, tazama nyuma yake. Risasi ya bunduki ya kuwindia husafiri kilomita kadhaa isipokutana na kitu. Mwaka juzi nilimwona dume mzuri juu ya kilima kidogo, ubavu wazi, bega wazi, na nyuma yake hapakuwa na kitu ila anga. Mtu mwingine angesema Mungu amenipa. Mimi nilijua kwamba upande wa pili kuna barabara ya shule. Nilimtazama mpaka akashuka zake. Sheria inasema usipige ukiwa karibu na nyumba ya watu chini ya futi 300, yaani kama mita 90, bila ruhusa ya mwenyewe. Lakini nyumba iliyo mbali usiyoiona hailindwi na futi hizo.

Kuna swali la jike, na hapa mila zetu na hali ya huku havilingani sawasawa. Wengi tumelelewa kwamba jike mwenye watoto haguswi. Ni malezi mema, nisingependa tuyapoteze. Hata hivyo tujue mambo yalivyo. Ayala huzaa Mei na Juni, mara nyingi mapacha, na ifikapo Novemba watoto wameshaachishwa ziwa, wanaweza kujitafutia. Kusini mwa jimbo ayala ni wengi mno mahali pengi, na pamoja nao wanaongezeka kupe wanaoeneza ugonjwa wa Lyme. Kisiwani Monhegan waliondolewa wote mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa sababu hiyo, na kupe wakapungua. Kaskazini mambo ni tofauti: baridi na theluji nene huua wengi wao, na walionusurika hujibana chini ya miti minene wakila kidogo walicho nacho. Ndiyo maana kibali cha kupiga ayala asiye na pembe hutolewa kwa idadi maalumu, wilaya kwa wilaya. Mwenye kibali akipiga jike katika wilaya yake hajafanya dhambi. Asiye nacho anatakiwa aone pembe zenye urefu wa inchi 3 angalau, azione kwa macho, si kwa kudhani. Binafsi bado huwa naacha jike aliyefuatana na watoto hata nikiwa na kibali. Ni moyo wangu tu, simlaumu anayepiga.

Kwa wale mnaoanza, jambo moja litangulie hata kozi. Kama wewe si raia, haki yako ya kushika bunduki inategemea karatasi ulizo nazo. Mkimbizi aliyepokelewa, mwenye kadi ya kijani, mwenye viza, na aliyeomba hifadhi akisubiri jibu hawahesabiwi sawa. Muulize mwanasheria wa uhamiaji kabla hujagusa silaha, hata ya kuazima, hata "nishikie kidogo". Kosa la dakika moja linaweza kuharibu kesi uliyoingoja miaka.

Kisha kozi. Asiyewahi kuwa na leseni hawezi kupata ya kawaida bila cheti cha usalama wa uwindaji, na hili ni jema kwetu. Ombi langu kwa mliobobea katika Kiingereza: msimwache mzee asome peke yake. Keti naye jioni mbili tatu, mpitishe ukurasa kwa ukurasa, mweleze kwa Kiswahili maana ya kila mchoro. Ninyi viongozi wa makanisa na misikiti, ukumbi upo, viti vipo, chai ipo. Wakusanyeni watu Septemba, msingoje Novemba, na mwiteni mtu aliyewinda huku miaka mingi awaonyeshe jinsi ubavu wa ayala unavyoonekana akigeuka kidogo, na jinsi nafasi inavyofunguka na kufungika.

Nanyi akina mama na dada zetu jikoni, neno dogo kuhusu maini. Najua kwetu maini ndiyo ya kwanza kuingia kwenye kikaango. Wataalamu wa jimbo hili wanashauri yasiliwe, wala figo, ya ayala wala ya musi (moose), kwa sababu ya madini ya kadimiamu yanayoweza kujikusanya humo. Nyama ya paja na ya mgongo haina neno hilo. Ikateni vipande vidogo, itieni tangawizi na kitunguu saumu, iacheni motoni taratibu. Haina mafuta, ukiiharakisha inakuwa kamba.

Sasa narudi kwenye ngazi, maana ndiko nilikotaka kufika.

Mtu anayeingia porini Jumamosi ya mwisho ya msimu, jua linazama kabla ya saa kumi na robo, amebakiwa na dakika chache za mwanga halali, Jumapili hapa hakuna kuwinda, na nyumbani sufuria imeshateremshwa: huyo anabeba mzigo ambao ninyi mmemtwisha bila kujua. Mpunguzieni. Sufuria iwe na maharage tayari, ili nyama ikija iwe nyongeza. Vijana msichekane kwenye vikundi vya simu, mkimtumia aliyekosa picha za aliyepata. Akirudi bure, karibisheni mguu wake kama mnavyoukaribisha wa aliyerudi na mnyama, kwa maana huenda aliacha kitu usichokijua, kwa ajili ya mtoto wako aliyekuwa barabarani.

Na badilisheni swali. Nilimwomba mama jirani hivyo, kwa adabu, mwaka jana. Aliniangalia kidogo kama mtu anayejiuliza nimepatwa na nini. Lakini jioni ya mwisho ya msimu, nilipofika mlangoni nimelowa theluji mpaka magotini, alinipa kikombe cha chai ya tangawizi akasema, "Haya baba, umeona nini leo?"

Nikawaambia, yeye na watoto. Jike na watoto wawili walikuja mpaka chini ya ulingo wangu. Sikuwa na kibali cha jike, nikaweka bunduki magotini, nikakaa. Mtoto mmoja alikuwa karibu sana hata nikasikia mbegu za mwaloni zikipasuka menoni mwake. Mama yao alikuwa akila kidogo, anainua kichwa, anasikiliza, anakula tena. Mara upepo ukageuka, mkia ukapanda, wakatoweka wote watatu bila kuvunja kijiti.

Kitoto cha ghorofa ya chini kikanisogelea, kikataka kujua kama walikuwa wanahisi baridi. Nikamwambia manyoya yao ya wakati huu yana uwazi ndani, kila unyoya umeshika hewa kama koti lako hilo. Akajipapasa koti. Halafu akauliza wamelala wapi usiku huu, na mama yake akavuta kiti, naye akae asikie.