Watoto wapimwe macho na masikio



 Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, madarasa yetu yamefurika. Mtoto asiyeona au asiyesikia vizuri hukaa nyuma, akakosa somo, akaitwa mjinga, pengine akachapwa. Tunampima kusoma kabla ya kumpima macho!

Kipimo cha awali hakihitaji mtambo. Chati ya herufi E hutundikwa mita 6 mbele ya mtoto, naye huonyesha kwa mkono miguu ya herufi imeelekea wapi. Kwa masikio, mpimaji husimama nyuma yake akanong'ona maneno, naye huyarudia.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa asilimia 60 ya uziwi wa utotoni hutokana na mambo yanayozuilika, yakiwemo masikio yanayotoka usaha. Tabora ina shule ya viziwi tangu 1963, lakini wenye usikivu hafifu tunao humu humu madarasani.

Naziomba Wizara za Elimu na Afya: wauguzi wa zahanati wawapime watoto wote wanapoandikishwa darasa la kwanza, na watakaobainika wasaidiwe kufika hospitali. Chati moja kwa kila shule si mzigo kwa Taifa.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kaliua, Tabora.