Mifugo Yetu: Mbwa wa Ugali na Nyama Mbichi

Mbwa ana kazi nyingi katika nchi yetu. Kule Masisi hulinda zizi na kuwafuata wachungaji vilimani. Kule Walikale huingia mwituni pamoja na mwindaji. Siku zote chakula chake ni masazo ya nyumbani: ugali wa muhogo, ndizi, maharagwe. Mara siku ya sikukuu ng'ombe achinjwa, naye mbwa atupiwa matumbo mabichi na mafuta tele. Kesho yake atapika, ahara, tena akataa kula. Ndipo watu husema, "Jirani amemtilia sumu," na ugomvi huzaliwa. Ndugu zangu, kabla ya kumshitaki jirani, ulizeni kwanza: jana mbwa alikula nini?

Tumbo lililozoea chakula cha namna moja hushindwa likiletewa kingine kwa ghafula. Mafuta mengi huweza hata kuumiza kongosho. Nyama iliyolala juani hujaa vijidudu, na vipande vya mifupa huweza kutoboa utumbo.

Wengine watajibu kwamba mbwa ni ndugu wa mbwa mwitu wa Ulaya, basi nyama mbichi ndiyo haki yake. Lakini mwaka 2013 wataalamu wa Uppsala, nchini Uswidi, walionyesha ya kuwa mbwa wa nyumbani, kwa kuishi na wanadamu, amepata uwezo wa kuyeyusha wanga kuliko huyo nduguye. Ugali si adhabu kwake.

Mbwa mzima akiharisha, mnyimeni chakula nusu siku, lakini maji msimnyime kamwe. Mpeni kidogo kidogo, mara nyingi. Mtoto wa mbwa asifungishwe. Kisha mpeni wali laini na nyama iliyochemshwa isiyo na mafuta, mara tatu au nne kwa siku, hata apone. Mkiona damu, au akitapika pasipo kukoma, au akilegea, au siku 2 zikipita bila nafuu, mtafuteni mganga wa mifugo. Na mbwa atokwaye mate asiyeweza kumeza, msimtie mkono kinywani: huenda ni kichaa cha mbwa, nacho huua watu.

Mkitaka kumbadilishia chakula, changanyeni robo ya kipya na robo tatu za cha zamani, mkiongeza taratibu kwa muda wa siku 7 hata 10.

Liko jambo kubwa zaidi. Katika ini na mapafu ya ng'ombe, mbuzi na kondoo huonekana pengine vifuko vya maji. Ndani yake mna vijana vya tegu mdogo. Mbwa akivila vibichi, tegu hukua tumboni mwake, na mayai yake hutoka katika mavi. Mtoto akimshika mbwa, kisha akala bila kunawa, huweza kuyameza. Vifuko hivyo humea mwilini mwake polepole, miaka mingi. Watu wa Turkana, nchini Kenya, wameteswa sana na ugonjwa huo.

Basi matumbo, ini na mapafu yachemsheni sana kabla ya kumpa mbwa. Yenye vifuko yachomeni au yazikeni shimo refu. Na watoto wafundishwe kunawa mikono. Chungu kimoja cha maji yanayotokota humlinda mbwa, na humlinda mtoto pia.