Dawa Iponye, Isigeuke Sumu ya Mto

Mtu amezapo dawa, si dawa yote ibakiayo mwilini. Sehemu yake hutoka katika mkojo, huingia chooni, na pasipo na mpango mzuri wa majitaka huweza kufika mtoni. Kwa mtu mmoja jambo hili ni dogo. Kwa mji mzima si dogo hata kidogo.

Mkoa wa Njombe una sababu ya kulifikiria. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022-2023 ulionyesha kuwa katika kila watu wazima 100 mkoani humo, karibu 13 wanaishi na virusi vya UKIMWI. Hakuna mkoa uliozidi hapo. Wengi wa ndugu hao humeza dawa kila siku, na lazima waendelee, maana ndizo ziwapazo uhai. Makambako nako ni njia panda ya Zambia na Songea, tena pana stesheni ya TAZARA; watu ni wengi na dawa ni nyingi. Nayo maji ya Ruhuji, yapitayo Njombe, huteremka hadi Kilombero na Rufiji. Aishiye juu ana deni kwa aishiye chini.

Hatari ni ya kweli. Viuavijasumu vikikaa majini huwazoeza vijidudu, vikawa sugu. Kesho mtoto akiugua, dawa haimponyi.

Basi tutajuaje kilichomo majini? Mgonjwa wa kisukari anaijua njia. Tone la damu hutiwa penye kimeng'enya, kimeng'enya huishika sukari, umeme mdogo hutokea, na mashine husoma kiasi. Msingi huo uliwekwa na Leland Clark wa Marekani mwaka 1962. Kwa njia hiyo hiyo wataalamu wametumia lakesi, kimeng'enya cha kuvu, kutambua parasetamoli majini. Na kimeng'enya kingine hutambua penisilini.

Hatusemi kuwa huo ni muujiza. Kimeng'enya kimoja hakitambui kila dawa, joto hukiharibu, na uchafu mwingine huweza kukidanganya. Kipimo hiki hutoa onyo. Maabara kubwa ndiyo itoayo hukumu. Wala hakuna kipimo kisafishacho maji: kazi hiyo ni ya mabwawa ya majitaka na vyoo bora.

Kwa hiyo vyuo vyetu na vitengeneze vipimo vifaavyo dawa zitumikazo hapa, na wahudumu wa maji wafundishwe kuvitumia. Nasi wananchi tusitupe dawa zilizokwisha muda chooni wala mtoni. Tuzikabidhi kituo cha afya. Kuponya mtu na kulinda mto ni kazi moja.