Maoni: Kompyuta imejibu, lakini nani atalala katika banda?

Ndugu wasikilizaji, na ninyi jamaa mliohama makwenu kwa sababu ya vita, leo nazungumza juu ya hesabu. Msiseme hayawahusu.

Kanuni za Sphere, zinazofuatwa na mashirika mengi ya misaada, zinasema kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 chini ya paa. Jamaa ya watu 6 inahitaji 21. Tuseme urefu wa banda unapita upana kwa mita 4. Upana ni ngapi? Kijana anayejua kompyuta anaipa SymPy, programu ya bure ya hesabu, mlinganyo huu: x(x + 4) = 21. Inamjibu: [-7, 3].

Hapo wengi wanaanguka. Wanadhani x sasa ni 3. Sivyo. Programu imeonyesha orodha ya majibu tu. X imebaki herufi tupu. Orodha ile lazima uipe jina, tuseme majibu, kisha utoe humo namba unayotaka na kuihifadhi: upana = majibu[1]. SymPy inahesabu nafasi kuanzia sifuri, kwa hiyo [1] ni jibu la pili, yaani 3.

Anayechukua jibu la kwanza bila kuangalia anapata -7. Hakuna banda la upana huo. Akifuta alama ya kutoa na kuandika 7, urefu unakuwa 11, na banda linafika mita za mraba 77, nafasi ya watu 22! Jamaa moja inapewa uwanja, nyingine zinanyeshewa.

Mtu atasema: tangaza mwanzoni kwamba x ni kubwa kuliko sifuri, na SymPy itatoa 3 peke yake. Ni kweli, na ni vizuri. Lakini anayetangaza ni mtu anayejua banda ni kitu gani.

Kwa hiyo naomba wanaofundisha vijana wetu wasiishie kwenye kubonyeza. Wawafundishe kutoa jibu, kulipa jina, na kulijaribu tena: 3 mara 7 ni 21. Na ninyi jamaa, mkiletewa karatasi ya vipimo, ulizeni namba ilitoka wapi. Mtakaolala humo ni ninyi, si kompyuta.